Vakansi kubwa, chemchemi moja: wito kwa wanafunzi wa sekondari wa Kasongo na Kabambare

Wito huu una ombi moja, nalo ni heri litangulie kabla ya maelezo. Tunaomba kila shule ya sekondari ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, ichague chemchemi moja katika kijiji cha jirani, iijenge wakati wa vakansi kubwa kwa kushirikiana na wenye kijiji, kisha iitunze mwaka hadi mwaka. Chemchemi moja inatosha kuanzia. Kazi hiyo haihitaji kungoja ujumbe kutoka Kindu wala Kinshasa, na sehemu kubwa ya vifaa vyake imelala mtoni na porini bila bei.

Maji tunayo, ya kunywa hatuna

Anayeijua nchi yetu hawezi kusema kwamba tuna ukame. Mto Lualaba unashuka kuelekea Kindu. Mto Luama unakatiza Kabambare kwenda kuungana nao. Mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, na mabonde yetu yamejaa vijito. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilieleza kwamba Kongo ina zaidi ya nusu ya akiba ya maji ya Afrika. Taarifa hiyo hiyo ilisema kwamba watu wapatao milioni 51, yaani robo tatu ya wananchi wa wakati ule, hawakuwa na maji salama ya kunywa. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inaahidi haki ya kupata maji ya kunywa, na sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ikafuata. Lakini Regideso, kampuni ya Leta ya maji, kazi yake iko mijini. Kijijini mtu hutegemea kisima, kijito au chemchemi, na hapo ndipo maradhi yanapotuingilia.

Tazameni chemchemi isiyojengwa katika mwezi wa nane, kiangazi kinapokaza. Jicho la maji ni shimo dogo chini ya mizizi, upana wake hauzidi beseni. Mama anapiga magoti kwenye tope, anateka kwa kikombe cha plastiki na kumimina katika bidoni la manjano. Kila baada ya vikombe kadhaa anaacha, ili maji yajikusanye tena na tope litulie. Nyuma yake wapo wanaongoja, wengi wao wasichana, kila mmoja na bidoni lake. Kikombe ni hicho hicho kimoja: kimewekwa chini, kimeshikwa na mikono mingi, kimerudishwa majini. Mbuzi wamepita hapo alfajiri. Juu kidogo ya mteremko kuna shamba la mihogo, na juu ya shamba kuna choo cha shimo. Mvua za kwanza zikirudi, zitaosha mteremko wote na kuuingiza ndani ya jicho. Bidoni la lita 20 likijaa, ni kilo 20 za kubebwa kichwani kupanda kilima. Na masomo yakianza tena, safari hiyo ndiyo itakayomfanya msichana akose somo la kwanza.

Matokeo yake tunayajua majumbani. Kuhara, homa ya matumbo na minyoo vimezoeleka kiasi kwamba watu wanavihesabu kama sehemu ya utoto. Kipindupindu nacho hakiko mbali nasi: mwaka 2017 kilienea katika mikoa mingi ya Kongo, watu zaidi ya 50,000 wakaugua na zaidi ya 1,000 wakafa. Mtoto mdogo akiharisha, mwili wake unakauka upesi kuliko wa mtu mzima. Familia inauza kuku, kisha mbuzi, ili kulipa kituo cha afya. Mtoto akipona, anarudi kunywa maji yale yale. Hasara hiyo ya kila mwaka, mtu akiijumlisha kijiji kizima, inazidi bei ya mifuko michache ya saruji na kipande cha bomba.

Kwa nini wanafunzi

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kazi hii tuwape vijana wa shule, ilhali wapo wakubwa, wapo mafundi, lipo shirika la Leta la maji vijijini, na yapo mashirika ya misaada? Zipo sababu tatu.

Ya kwanza ni kalenda. Vakansi kubwa inaangukia mwezi wa saba na wa nane, katikati ya kiangazi. Huo ndio msimu hasa wa kujenga chemchemi. Maji yakiwa machache, jicho la kweli linaonekana na halichanganyiki na maji ya mvua. Chemchemi inayotiririka mwezi wa nane itatiririka mwaka mzima. Ile iliyokauka wakati huo haifai kutupiwa saruji. Njia zinapitika, mchanga wa mtoni uko wazi, na mikono ya vijana iko nyumbani. Hakuna msimu mwingine ambapo mambo hayo yote yanakutana.

Ya pili ni masomo yenyewe. Shule zetu zina seksheni mbalimbali, na kila seksheni ina kazi yake hapa. Wa ujenzi wanajua ukuta na mchanganyiko wa saruji. Wa bio-kimia wanajua vijidudu na jinsi maji yanavyochafuka. Wa hesabu na fizikia watapima kasi ya maji. Wa pedagojia wamefundishwa kufundisha, na kijiji kinahitaji mafunzo ya usafi kama kinavyohitaji bomba. Wa biashara watafungua daftari la fedha ambalo hakuna atakayelitilia shaka. Na vijana wa shule za uuguzi wanajua njia ya kinyesi kutoka chooni hadi mdomoni. Kijana anayengoja matokeo ya mtihani wa Leta akiwa amekaa tu kibarazani, hapa anapata mahali pa kuonyesha kwamba miaka yake ya shule haikuwa ya cheti peke yake.

Ya tatu ndiyo kubwa. Mashirika huja na huondoka, shule inabaki. Mradi una tarehe ya mwisho, gari linaondoka, ofisi inafungwa, na pampu iliyozinduliwa kwa ngoma inakwama siku moja kwa sababu ya kipuri kidogo ambacho hakuna aliyejua kinapatikana wapi. Takwimu za nchi 20 za Afrika, zilizokusanywa mwaka 2009 na mtandao wa maji vijijini unaoitwa RWSN, zilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya pampu za mkono zilikuwa hazifanyi kazi. Waliozijenga walikuwa na fedha na wahandisi. Kilichokosekana ni mtu wa kuziangalia. Shule ina jambo ambalo shirika halina: kila mwezi wa tisa wanaingia wanafunzi wapya. Wa mwaka wa mwisho wakimaliza, wanaowafuata wanashika daftari. Chemchemi iliyokabidhiwa shule haiwezi kukosa mlezi maadamu kengele ya shule inagongwa.

Wala Kasongo si mgeni wa mambo haya. Katika miaka ya 1970 madaktari wa hapa, wakishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, walipanga afya ya eneo hili kwa vituo vidogo vilivyo karibu na watu, vikiungana na hospitali moja, na wananchi wakipewa sauti. Wakati mataifa yanakutana Alma-Ata mwaka 1978 kuzungumzia afya ya msingi kwa wote, Kasongo walikuwa tayari kazini. Mwaka 1981 timu ya Kasongo ilichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo, na utafiti huo bado unatajwa na wataalamu wa dunia. Mji uliowafundisha wengine kwamba afya huanzia kijijini una haki ya kuanza tena na maji.

Na umri usiwatie shaka. Mwaka 1998 mtoto mmoja wa Canada, Ryan Hreljac, akiwa na miaka 6, alisikia darasani kwamba kuna watoto Afrika wasio na maji safi. Akafanya vikazi vya nyumbani hadi akapata dola 70, akidhani zinatosha kwa kisima. Akaambiwa kisima ni dola 2,000. Akaendelea, watu wakamuunga mkono, na mwaka 1999 kisima kikachimbwa katika Shule ya Msingi Angolo, kaskazini mwa Uganda. Mtoto yule hakuwa hata ameiona Uganda. Kijana wa Kabambare anaijua njia ya kisimani kwao gizani, anawajua wazee wa pale kwa majina, na lugha ya mama zake haihitaji mkalimani. Ametangulia hatua nyingi kabla hajashika jembe.

Kazi yenyewe inavyokwenda

Kwanza ni kuomba. Chemchemi ina wenyewe: kuna ukoo wenye ardhi, kuna chifu, na mahali pengine kuna miiko ya wazee. Vijana waende na prefe au mwalimu wao, wakae chini, waeleze, wasikilize. Kijiji kisipokubali kwa moyo, msianze. Kikikubali, andikeni makubaliano: nani anatoa mawe, nani anapika, nani atakuwa katika kamati ya maji, na kwamba maji hayo ni ya wote, hata wa ukoo mwingine na hata mpita njia anayesukuma baiskeli ya mizigo.

Pili ni kupima. Wekeni bidoni la lita 20 chini ya mkondo, mwangalie saa. Tuseme linajaa kwa dakika mbili: hizo ni lita 10 kwa dakika, lita 600 kwa saa, lita 7,200 kwa saa 12 za mchana. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku; basi chemchemi hiyo inatosha watu 480. Ikijengewa tangi dogo la kukusanya maji ya usiku, inatosha mara mbili yake. Hesabu hiyo ya darasani ndiyo itakayowaambia wazee kama chemchemi moja inatosha kijiji au itafutwe na ya pili.

Tatu ni ujenzi, na hapa lazima awepo fundi anayejua, pamoja na msimamizi wa maji na usafi wa zoni ya afya. Mnafukua taratibu mkifuata maji mpaka yanapotokea kwenye udongo mgumu au mwamba. Mbele ya jicho mnajenga ukuta wa mawe na saruji, mkiacha bomba lipite. Bomba liwe chini ya usawa wa jicho, kamwe lisiwe juu yake, kwa sababu maji yakizuiwa yakapanda hutafuta njia nyingine na chemchemi huhama. Nyuma ya ukuta mnajaza mawe yaliyooshwa, juu yake kokoto, kisha tabaka la udongo wa mfinyanzi uliopondwa vizuri, halafu udongo wa kawaida na majani yenye mizizi mifupi. Upande wa juu mnachimba mtaro wa kuyageuza maji ya mvua. Upande wa chini mnatengeneza sakafu ya kuwekea bidoni na mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika, ili mbu na tope visikae. Mwisho mnazungusha ua, mbuzi na nguruwe wabaki nje. Choo chochote kilicho upande wa juu, ndani ya mita 30, kihamishwe. Na shamba lililo juu ya jicho liachwe liote nyasi, mwenye shamba akipewa mahali pengine kwa makubaliano ya kijiji.

Mawe, kokoto, mchanga, udongo wa mfinyanzi na miti ya ua vyote ni vya hapa. Vinavyonunuliwa ni saruji, bomba na vyuma vichache. Saruji inatoka mbali na bei yake inaumiza, kwa hiyo mahesabu yafanywe kabla, na kila mfuko uandikwe kwenye daftari ulikotoka na ulikotumika.

Ipo na mipaka, nasi tuitaje wazi. Kijana asishushwe katika shimo refu la kisima. Hiyo ni kazi ya mafundi wenye vifaa, na mashimo huua. Saruji mbichi inachoma ngozi, mikono na miguu ikingwe. Mahali ambapo kuna watu wenye silaha, au barabara haina usalama, kazi ingoje. Hakuna chemchemi yenye thamani ya mtoto mmoja. Kazi iwe ya hiari kweli, isigeuzwe adhabu wala sharti la alama za darasani. Wengi tunaikumbuka salongo ya zamani, kazi ya pamoja ya lazima, ambayo mtu alikwenda kwa kuogopa faini. Hii iwe salongo ya kupenda. Na wasichana wasipewe kupika tu huku wavulana wakijenga. Wao ndio wanaobeba maji kila siku, wao ndio wawe wa kwanza kusema bomba liwe na urefu gani na foleni ipangwe vipi.

Kulinda ni zaidi ya kujenga

Siku ya kufungua bomba itakuwa ya shangwe. Lakini wito huu unawaomba zaidi ile siku ya kawaida ya mwezi wa pili, mvua ikinyesha, hakuna mgeni wala picha, ua umeanguka upande mmoja na mtaro umejaa mchanga. Hapo ndipo shule inapohitajika.

Pendekezo letu ni jepesi. Kila shule iwe na daftari la chemchemi. Wanafunzi wawili, msichana na mvulana, waende mara moja kwa mwezi, wapime kasi ya maji, waangalie ua, mtaro, sakafu na bomba, waandike walichokiona na tarehe, kisha wampe nakala muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Naye awaeleze ni watoto wangapi wa kijiji hicho wameletwa na kuhara mwezi huo. Baada ya mwaka mmoja shule itakuwa na maarifa yake yenyewe, yaliyotoka kwao, kuhusu maji na maradhi. Kamati ya kijiji nayo ichange kidogo kwa kila nyumba, hata franka chache baada ya mavuno ya mpunga, ili siku bomba likipasuka pasiwe na kutafutana.

Tayari upo mpango wa Leta unaosaidia njia hii. Wizara ya Afya, kwa msaada wa UNICEF, imekuwa ikiendesha mpango wa Vijiji na Shule Safi tangu miaka ya 2000. Kijiji kinatambuliwa kuwa safi kikitimiza kanuni saba: kiwe na kamati iliyo hai, angalau 80 kati ya watu 100 wapate maji ya kunywa, nyumba 80 kati ya 100 zitumie choo safi, 80 kati ya 100 zitupe takataka mahali pake, watu 60 kati ya 100 wanawe mikono kwa sabuni au majivu kabla ya kula na baada ya choo, 70 kati ya 100 waelewe jinsi maradhi ya kinyesi yanavyoambukizwa, na kijiji kifagiliwe angalau mara moja kwa mwezi. Angalieni vizuri: kati ya kanuni saba, ya maji ni moja tu. Sita zilizobaki hazihitaji saruji. Zinahitaji mtu wa kueleza, kuhesabu na kukumbusha, na kijana wa sekondari anaweza hayo yote.

Maji yakishafika nyumbani

Maji safi ya bombani yanaweza kuchafuka kabla hayajafika kinywani: bidoni lenye ukoga ndani, mtungi usio na kifuniko, kikombe kinachozamishwa pamoja na vidole. Kwa hiyo wanafunzi wapite pia majumbani, kwa heshima, wakianza na nyumba zao wenyewe.

Kwa kijiji ambacho bado hakina chemchemi iliyojengwa, kuna njia zinazoweza kuanza leo jioni. Kuchemsha hadi maji yatokote sawasawa huua vijidudu, ingawa kuni zina kazi yake. Dawa ya klorini ikipatikana kituoni, ifuatwe kipimo kilichoandikwa, na maji yangoje nusu saa kabla ya kunywewa. Kitambaa kikuukuu cha pamba, kikikunjwa mara kadhaa na kufungwa mdomoni mwa chombo, hupunguza hatari: huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wanawake waliochuja maji kwa sari kuukuu walipunguza kipindupindu karibu kwa nusu. Kitenge cha zamani cha pamba kinaweza kujaribiwa vivyo hivyo.

Jua nalo ni dawa. Chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita mbili, ijazwe maji maangavu na kulazwa juu ya bati kwa saa 6 za jua kali, au siku mbili kukiwa na mawingu. Maji yenye tope yachujwe kwanza, maana tope huzuia mwanga. Utafiti uliofanywa kwa watoto 206 wa Kimaasai nchini Kenya, ukachapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba waliokunywa maji yaliyolala juani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Ila tuseme ukweli wote: jua, moto na kitambaa haviondoi zebaki inayotumiwa kusafisha dhahabu. Walio karibu na machimbo ya dhahabu, kama upande wa Salamabila, wasitegemee njia hizo kwa maji ya mto unaosafishiwa dhahabu. Wao watafute chemchemi iliyo juu ya machimbo, na wachimbaji wenyewe, ambao nao wana watoto, wakubaliane kuliacha bonde hilo.

Kila mmoja na sehemu yake

Maprefe na walimu: tengeni mkutano mmoja kabla ya shule kufungwa, chagueni chemchemi, teueni mwalimu wa kusimamia. Tarehe 15 Oktoba, Siku ya Kunawa Mikono Duniani, na tarehe 22 Machi, Siku ya Maji Duniani, ziwe siku za kusoma daftari la chemchemi mbele ya shule nzima.

Wazazi: tunajua kiangazi ni wakati wa kufyeka mashamba na kwamba mkono wa kijana unahitajika. Tunawaomba siku chache tu, na ruhusa kwa mabinti kama mnavyowaruhusu kaka zao. Mama zetu wa vijijini, sufuria ya bugali na sombe kwa vijana wanaojenga ni mchango mkubwa kama mfuko wa saruji.

Machifu: lindeni makubaliano. Mtu akilima juu ya jicho au akivunja ua, asiachwe kwa sababu ni jamaa.

Mashehe, mapadri na wachungaji: mnasikilizwa kuliko redio. Uislamu ulioota mizizi Kasongo tangu siku za misafara unatufundisha kutawadha kabla ya kila sala, na kila Mwislamu amesikia habari ya kisima cha Ruma, alichokinunua Sayyidna Uthman pale Madina akakifanya cha watu wote. Mkristo naye anamkumbuka mwanamke Msamaria kando ya kisima cha Yakobo. Simameni pamoja kwenye chemchemi moja, msikiti na misheni, ili kijiji kione kwamba bomba halina dhehebu.

Wafanyabiashara wa Kasongo, Samba na Kabambare: mfuko mmoja, bomba moja, usafiri wa pikipiki moja. Ninyi wa Bukavu, Lubumbashi, Kinshasa na ng'ambo: mnachangia misiba na harusi kwa moyo mkunjufu, changieni na chemchemi mlizonywea utotoni, lakini fedha zipelekwe kwa kamati yenye daftari, na mdai kuliona daftari.

Wakuu wa Leta: wito huu hauwaondolei deni lenu. Vijana wakijenga chemchemi, bado kifungu cha 48 kinasubiri. Tupeni mafundi wa maji vijijini, tupeni vipimo vya maji, tengenezeni barabara ya kufikisha saruji. Kijana asitumiwe kuziba pengo ambalo bajeti ilipaswa kulijaza.

Na kwenu, wadogo zetu: msingoje hotuba wala fulana za mradi. Wiki hii, watano au sita mlio darasa moja, nendeni mkaitazame chemchemi iliyo karibu zaidi na shule yenu. Hesabuni wanaoteka, pimeni bidoni linajaa kwa muda gani, angalieni kilicho juu ya mteremko, andikeni yote katika daftari, kisha mpelekeeni prefe na chifu. Kazi ya kuandika haina gharama na haihitaji kibali cha mtu yeyote. Kiangazi kikifika, shule yenye daftari itakuwa tayari kuchimba. Isiyo nalo itakuwa bado inafanya mikutano. Anzeni.